Dawa Si Uchafu

Kila asubuhi simu ya fundi ililia kabla hajavaa viatu, na kila asubuhi dada yake hakuuliza habari wala umeamkaje. Aliuliza, "Umekojoa?"

"Nimekojoa, dada."

"Vizuri?"

"Hata jirani amesikia."

Dada alicheka, akakata simu, akaenda kazini kwake kupiga pasi mashuka ya hoteli. Mazungumzo yenyewe yalikuwa hayo, kutwa nzima hawatafutani tena. Asiyewajua angesema ndugu hawa wamechanganyikiwa, lakini dada alikuwa na haki ya kuuliza. Figo iliyofanya kazi hiyo tumboni mwa fundi ilikuwa yake. Alizaliwa nayo, akatembea nayo miaka arobaini na kitu, kisha akalala kitandani akapasuliwa, akampa mdogo wake, huku shemeji mtu amekaa nje kwenye benchi amenuna kwa sababu hakuafiki. Siku walipotoka hospitali, wote wawili wameshika matumbo kama watu waliokula kisichowafaa, dada alimwambia neno moja tu: "Nitunzie." Fundi aliitika kwa kichwa. Neno hilo lilikaa kifuani mwake, na wala halikuwa jepesi.

Alikuwa fundi wa vyerehani, wa kuvitengeneza si wa kushonea. Kibanda chake kilikuwa kati ya muuza vifungo na mwenye duka la vitambaa, na ndani yake hapakuwa na kitu kilicholala mahali pasipo pake. Kwanza alipanga vyote kwenye kisahani cha bati: bisibisi, skrubu mpya, tone la mafuta kwenye kifuniko, kitambaa. Ndipo alipofungua mashine. "Kisahani kisichokamilika ni kazi isiyoanza," aliwaambia mafundi wenzake, nao walimcheka kwa sababu walikuwa wakianza kazi kisha wanatafuta skrubu chini ya meza kwa magoti.

Tena alikuwa na wimbo wake mwingine. Washonaji walipokuja wakilia kwamba cherehani kinatema mafuta kwenye kitambaa cheupe, aliwaambia, "Mashine haina kosa. Nionyeshe vidole vyako." Mara nyingi alikuwa sahihi. Mtu ameshika mafuta, amepangusa kidogo, haoni kitu, akashika kitambaa. Doa likatokea kesho yake, na lawama zikaenda kwa chuma. Kumbukeni jambo hilo, maana yeye mwenyewe alilisahau siku alipolihitaji.

Figo ya mtu mwingine ni mgeni mwilini, hata kama mtu huyo ni wa tumbo moja nawe. Mwili haujui udugu. Ukiachwa huru humfukuza mgeni na kuvunja nyumba juu yake. Kwa hiyo fundi alimeza dawa asubuhi na jioni ya kuulaza mwili usingizi. Dawa ikipungua, mwili unaamka. Ikizidi, inaichoma figo ileile iliyokuja kulindwa. Njia kati ya mawili hayo ni nyembamba, na hakuna wa kukwambia umekanyaga wapi ila damu yako. Ndiyo maana ilimpasa aende kliniki mara kwa mara, asubuhi, kabla hajameza dozi, atolewe damu kwenye mshipa.

Hapo ndipo palipokuwa na balaa lake. Mkono wa kushoto haukuguswa na mtu. Madaktari walikwisha kuiunga mishipa yake zamani, alipokuwa anasafishwa damu kwa mashine, na mpaka leo ukiuwekea sikio ulikuwa unanguruma ndani. "Huu tunauweka akiba," walimwambia, naye hakupenda kuuliza akiba ya nini. Ukabaki wa kulia, na wa kulia ulikuwa umechomwa miaka na miaka hata mishipa ikajifunza kujificha.

Mtoa damu wa kliniki alikuwa bwana mpana mwenye vidole laini. Wagonjwa walimwita Mbu, kwa sababu akitafuta mshipa alivuma puani wimbo usio na maneno, na akiupata alinyamaza. Kwa wengine alivuma kidogo. Kwa fundi alivuma mpaka foleni nzima ikajua kuna mtu anateseka mle ndani.

"Mishipa yako ina deni la nani, fundi? Mbona inajificha hivi?"

"Wewe chimba, bwana. Maji utayakuta."

Alitania, lakini alikuwa akijikaza kisabuni. Akirudi nyumbani na mkono wenye mabaka meusi, mkewe humwekea kitambaa cha maji baridi, na usiku wa kuamkia kliniki nyingine hapati usingizi.

Basi siku muuguzi wa kliniki alipokuja ukumbini na kadi ngumu zenye miduara minne, akasema sasa mtu anaweza kujichoma kidole nyumbani, akadondosha damu kwenye miduara, akaikausha na kuituma kwa bahasha, fundi alisikia kama ametolewa kifungoni. Wagonjwa kwenye benchi waligawanyika. Mwalimu mstaafu, mwenye figo ya mwanawe, alisema atajichoma hata vidole vyote kumi ilimradi asiamke alfajiri tena. Mama mmoja muuza vitambaa alikunja uso.

"Mimi kidole ndicho ninachopimia kitambaa. Kikiwa na kidonda, nipime kwa pua? Mshipa unauma mara moja umekwisha. Halafu hapa tunaonana. Huko nyumbani nani atanitazama aseme, mama, mbona leo uso umevimba?"

"Kioo," akasema fundi.

Benchi zima likacheka, na mama yule akacheka pia, ila alitikisa kichwa. Alikuwa amesema la maana na hakuna aliyelishika.

Muuguzi aliwafundisha vizuri, tusimsingizie. Nawa mikono kwa sabuni. Kausha. Upashe mkono joto, damu ishuke vidoleni. Baada ya hapo usiguse chochote. Choma, futa tone la kwanza, jaza miduara. Ukimaliza ndipo umeze dawa. Akaongeza kwamba kadi inapima kiwango cha dawa tu. Kuijua figo yenyewe, kila baada ya miezi mitatu mtu arudi kwa Mbu. Fundi aliitikia yote. Lile la mwisho aliliitikia kwa mdomo.

Nyumbani alijipangia mezani kama kibandani. Kisahani cha bati, kipya, hakijawahi kuonja mafuta. Kadi, kijisindano, pamba, bahasha, glasi ya maji. Na dawa. Dawa ingekosaje kwenye kisahani? Tangu siku ya upasuaji alikuwa ameambiwa usisahau, usisahau, usisahau. Mtu akishughulika na damu na pamba anaweza kabisa kusahau kumeza. Kwa hiyo alinawa kwanza, maana dawa huguswa kwa mkono safi, kisha akamimina kapsuli kiganjani kwa mkono wa kulia. Aliziminya moja moja kati ya gumba na kidole cha kati aone kama zimejaa, kwa sababu siku moja aliwahi kukuta iliyopasuka, tupu. Alipotosheka alizipanga kisahanini. Halafu akakumbatia kikombe cha maji moto mpaka kiganja kikalowa jasho. Halafu akakichoma kidole cha kati.

Mkewe alimtazama kutoka mlangoni. "Nyumba yangu imekuwa maabara."

"Na mimi ndiye mganga mkuu. Sogea, usinizibie mwanga."

Damu ilijaa miduara vizuri, nyekundu, haikukwepa wala kujificha. Hakukuwa na wa kumvumia. Alifurahi kama mtoto, na mtu angekuwa na moyo gani wa kumwambia asifurahi?

Majibu yalikuja kwa simu. "Fundi," alisema muuguzi, "dawa imezidi sana kwenye damu yako. Unameza kama ulivyoandikiwa?"

"Sijazidisha hata punje."

"Daktari anasema upunguze. Isije ikaichoma figo."

Alipunguza. Alituma kadi nyingine, iliyopangwa kwa uangalifu kuliko ya kwanza, na majibu yakarudi yaleyale: imezidi. Akapunguziwa tena. Mara ya tatu daktari mwenyewe alishika simu, akasema jambo hili halimkai vizuri kichwani, aje atolewe damu ya mshipa wahakikishe. Fundi akasema wiki ijayo. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, washonaji wa sare walikuwa wamempangia vyerehani mpaka barabarani. Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine. Kliniki ilipiga, naye akaapa atakuja, akatuma kadi tu. Kazi ilikuwapo kweli, lakini tusidanganyane: alikuwa anaukimbia ule wimbo wa puani.

Na kilichomponza zaidi ni kwamba alijisikia vizuri. Dawa ile ilikuwa imemtetemesha mikono kwa miaka; skrubu ndogo ilimtoka, uzi haukuingia tunduni mpaka amwite mtu. Sasa mikono ikatulia. Asubuhi moja alitunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza tu, akaunyanyua juu kumwonyesha muuza vifungo.

"Umeona? Nimerudi ujanani."

"Hongera, fundi. Umepona kabisa sasa."

Wala hakuwa amepona. Mikono ilitulia kwa sababu mlinzi alikuwa ameondoka mlangoni. Ndani, pasipo kelele, mwili ulikuwa umeamka na kuanza kumwangalia mgeni vizuri. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, lakini figo haina mdomo wa kupiga ukelele. Haiumi kama jino.

Alama za kwanza zilikuwa ndogo mno. Soksi iliacha mstari mguuni ambao jioni haukufutika. Kiatu cha kulia kikaanza kubana, akakilaumu kiatu. Mkojo ukawa na povu, kisha ukapungua, kisha ukawa kitu cha kusimama na kungojea. Mkewe alisema, "Mbona macho yako yamevimba?" Akajibu ni vumbi la vitambaa. Kioo alichokisifu siku ile kilimwonyesha uso kila asubuhi, naye alikiaga haraka.

"Umekojoa?" akauliza dada.

Fundi alisimama na simu sikioni, amekiacha choo nyuma yake bila kufanya lolote la maana. Angeweza kusema. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Lakini alikuwa ameambiwa dawa imezidi, na dawa ikizidi inaichoma figo, kwa hiyo aliamini kosa ni la zile dozi za mwanzo na kwamba sasa wanalirekebisha. Ampe dada wasiwasi wa nini? Hofu ikamshika, na hofu ikajiita huruma.

"Hata jirani amesikia."

Jirani hakuwa amesikia kitu. Dada alicheka kule kwenye mashuka yake, na kicheko hicho kilimuuma fundi kuliko sindano zote alizowahi kuchomwa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jumapili dada alikuja kutembea, akamkuta mdogo wake amekaa ukingoni mwa kitanda anavutana na kiatu kisichotaka kutoka. Hakusalimia. Alipiga magoti, akakivua kile kiatu, akashusha soksi, akabonyeza gumba lake kwenye muundi wa mguu. Alipoliondoa, shimo lilibaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Wote watatu, yeye, fundi na mke wa fundi aliyekuwa mlangoni, walilitazama lile shimo likikataa kujaa.

"Tangu lini?" aliuliza dada.

"Si siku nyingi."

"Na kila asubuhi unaniambia jirani amesikia."

Fundi aliivuta soksi juu.

"Vaa shati," akasema dada. "Twende."

Mbu alikuwa zamu. Alimfunga mpira mkononi, akaanza kuvuma, akavuma, akavuma. "Ulinikimbia, fundi," alisema katikati ya wimbo, lakini hakusema kwa utani, maana alikwisha kuuona uso. Dada alikaa pembeni na mkoba mapajani. Mara ya nne Mbu akanyamaza na damu ikapanda chupani, nyeusi na nzito.

Majibu yalipotoka daktari aliwaita wote wawili chumbani, na muuguzi akaja kusimama karibu na dirisha. Daktari alikuwa na karatasi mbili na alizitazama kwa zamu.

"Figo imeumia sana," alisema. "Mwili unaikataa. Na dawa kwenye damu hii ya mshipa ni kidogo mno, karibu hakuna. Lakini kadi uliyotuma wiki hii inasema dawa imejaa tele. Mtu mmoja, damu mbili, maneno mawili. Mojawapo inasema uongo. Fundi, nionyeshe unavyofanya nyumbani. Usiruke kitu."

Unaweza kuamini kwamba alifurahi? Ameketi pale na miguu imevimba, na bado alifurahi kuulizwa jambo analolijua. Waliomba kisahani, kikaletwa. Dawa zilikuwa mfukoni mwake kama kawaida. Alinawa kwenye sinki la chumba kile mpaka kwenye viwiko, akakausha vidole kimoja kimoja. Akaipanga kadi, akapanga pamba, kila kitu kwa mstari wake. "Kisahani kisichokamilika," alianza, na dada akamalizia kwa sauti ndogo, "ni kazi isiyoanza." Akafungua chupa. Akamimina kapsuli kiganjani. Akaziminya moja moja, kati ya gumba na kidole cha kati, akazilaza kisahanini. Akachukua kijisindano kwa mkono wa kushoto, akakielekeza.

"Simama hapo," alisema daktari.

Muuguzi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. "Nilisema baada ya kunawa usiguse chochote," alisema. "Nilisema."

"Sikugusa kitu," akasema fundi. "Nimegusa dawa tu. Dawa si uchafu."

Aliposema hivyo alishusha macho akatazama vidole vyake mwenyewe. Vilikuwa safi. Aliviinua kwenye mwanga wa dirisha, akavigeuza, na pale kwenye ncha ya kidole cha kati, ndani ya mistari ya ngozi, akaona unga mweupe, mwembamba kiasi kwamba pangusa moja ingetosha kuuficha macho. Hapo ndipo alipowasikia washonaji wake wote kwa pamoja, wakilia kwamba mashine inatema mafuta, na akajisikia yeye mwenyewe akiwaambia, nionyeshe vidole vyako.

"Damu ilikuwa inapita hapa," alisema polepole. "Ilikuwa inaokota unga hapa juu ya kidole. Nikawatumia. Nanyi mkasoma dawa ya juu ya kidole mkadhani ni ya ndani."

"Ndiyo," alisema daktari. "Nasi tukakupunguzia iliyokuwa ndani. Nilipaswa kukuita kwa nguvu zaidi. Hilo ni kosa langu."

"Mliniita. Sikuja."

Aligeuka kumtazama dada yake. Alitaka dada alie, au apige kelele, au amkumbushe yale ya mume wake aliyenuna kwenye benchi. Dada alikuwa ameweka mkono ubavuni, pale palipo na kovu, kama mtu anayepapasa mfuko aone kama bado ana ufunguo.

"Nilinawa, dada," akasema fundi. "Wallahi nilinawa."

"Nimekuona," alijibu dada. "Umenawa vizuri."

Walimlaza siku hiyohiyo. Wakampa dawa kali kwa njia ya mshipa za kuulaza mwili tena, kwa haraka, kama watu wanaomwagia maji nyumba iliyokwisha kushika moto paani. Mbu alikuja wodini kila asubuhi. Fundi alimnyooshea mkono kabla hajaombwa, na alipovuma hakukunja uso. "Chukua bwana," alimwambia. "Chukua popote." Kila siku karatasi ilirudi na habari ileile, au mbaya kuliko ya jana. Mfuko wa mkojo ulioning'inia kando ya kitanda ulikuwa na kidogo, kisha kidogo zaidi, rangi ya chai iliyolala, na fundi alijifunza kutoutazama.

Simu ya dada iliendelea kulia asubuhi hata akiwa wodini. "Umekojoa?" aliuliza, naye sasa alimjibu ukweli. "Kidogo." "Kidogo kiasi gani?" "Kidogo tu, dada." "Haya. Kesho itazidi." Walisema hivyo siku kadhaa.

Kisha ikaja asubuhi ambayo daktari alipita kitandani, na hakulibonyeza tumbo pale alipozoea kuweka mkono. Alizunguka upande wa pili. Akaushika ule mkono wa kushoto, wa akiba, akaweka kifaa chake juu ya ngozi, akasikiliza unavyonguruma. Alisikiliza kwa makini sana, akaitikia kwa kichwa kwamba uko sawa, unafaa kwa mashine ya kusafisha damu. Akamgusa fundi bega, akasema maneno mawili matatu kwa upole. Alipotoka alimkuta dada koridoni, naye fundi akawaona kupitia kioo cha mlango: daktari akisema, dada akisikiliza, mkoba umebanwa kwapani.

Dada aliingia, akavuta kiti, akakaa. Alirekebisha shuka lililokunjamana, akalinyoosha kwa kiganja kuanzia juu mpaka chini kama yuko kazini, mpaka hapakubaki kunyanzi. Fundi alingoja swali. Alikuwa amekwisha kulitayarishia jibu, akalishika mdomoni.

Dada alimtazama usoni.

"Umeamkaje, mdogo wangu?" akauliza.